Gari Linateleza au Linatetemeka? Kutambua na Kubadilisha Konveta Mbovu ya Gari la Otomatiki

Wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha upande wa Masaka wanakumbuka kwamba safari hii wakaguzi walichelewa kwa muda wa wiki mbili, na baadhi yao wakakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Kwenye ubao wa matangazo tuliandika tu kwamba gari la idara ni bovu. Tunaomba radhi kwa ufupi wa tangazo lile. Katika makala haya tunakusudia kueleza ubovu wenyewe ulikuwa nini, ulitambuliwaje na ulitengenezwaje. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, walimu wengi hapa Uganda wanaendesha magari ya otomatiki yaliyokwishatumika kutoka Japani, na ubovu wa namna hii huwapata bila kuujua jina. Pili, nusura tupoteze fedha nyingi kwa sababu ya kitenzi kimoja kilichotumiwa mahali pasipo pake, na hilo ni jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha kuliko linavyowahusu mafundi.

Mambo yalianza hivi. Tulikuwa tumepita Mpigi, gari likienda mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, barabara tambarare, mguu wa dereva umegusa mafuta kidogo tu. Gari zima likaanza kutikisika kana kwamba tunapita juu ya yale matuta madogo madogo yanayowekwa kabla ya kuingia katika miji. Tukatazama nje, barabara ilikuwa laini. Dereva alipokanyaga mafuta zaidi, mtikisiko ukaisha. Alipolegeza, ukarudi. Tulifika Masaka na kurudi Kampala kwa wasiwasi mwingi, na kesho yake gari likapelekwa gereji moja.

Kule gereji dereva wetu alisema, "Gari inateleza." Fundi hakutaka hata kuliendesha. Katika lugha ya gereji, gari la otomatiki "kuteleza" maana yake ni kwamba injini inanguruma na mizunguko yake inapanda, lakini gari haliongezi mwendo, kwa kuwa klachi za ndani ya giaboksi zimekwisha na hazishiki tena. Kwa hiyo jibu lake lilifuata kitenzi alichopewa: "Mwalimu, hii giaboksi imekufa. Tutafute ingine." Bei aliyoitaja ilizidi fedha zote za ukaguzi za muhula mzima. Ni baada ya mkuu wa idara kusita kutia saini ndipo tulipomuuliza dereva, "Mzee, ulipokwenda kule ulimaanisha nini kusema inateleza?" Akajibu, "Nilitaka kusema inatetemeka, kama iko kwa barabara ya mawe. Na ile sindano ya mizunguko inacheza, juu-chini, juu-chini."

Kuteleza na kutetemeka ni magonjwa mawili tofauti. Ili tofauti hiyo ieleweke, inafaa kwanza tueleze konveta ni kitu gani.

Katika gari la gia za mkono, kati ya injini na giaboksi kuna klachi ambayo dereva huikanyaga ili kuvitenganisha. Gari la otomatiki halina pedali hiyo. Mahali pake pamefungwa kopo kubwa la chuma la mviringo, mfano wa kitumbua kinene, lililojaa oili. Hiyo ndiyo konveta. Mafundi wa Kampala wengi hutamka "konvata". Sisi tutaandika konveta na kuwaachia wanaistilahi ugomvi wao.

Chukua feni mbili uzielekeze uso kwa uso. Washa moja. Upepo wake utaizungusha ile ya pili ingawa haijawashwa. Ndani ya konveta mambo ni hayo hayo, ila badala ya upepo kuna oili. Gurudumu la kwanza lenye mapanga limeungana na injini na linairusha oili. Gurudumu la pili limeungana na giaboksi na linapokea msukumo wa oili hiyo. Gari likisimama kwenye taa za barabarani, injini huendelea kuzunguka na oili huchurukachuruka tu bila kuizima injini. Kati ya magurudumu hayo mawili kuna la tatu, dogo, ambalo huigeuza oili inayorudi ili isaidie kusukuma badala ya kupinga. Gurudumu hili la katikati huzunguka upande mmoja tu. Upande wa pili hukataa. Kwa sababu ya kazi yake, gari linapoanza kuondoka nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye giaboksi inaweza kukaribia mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini. Ndiyo maana chombo kinaitwa kigeuzi na si kiungo tu. (Kwa Kiingereza gurudumu hilo lina jina ambalo likitamkwa Kiswahili linakaribia sana kuwa "stata", na stata kwetu ni ile mota ya kuwashia injini. Tumeshuhudia mteja akiuziwa stata kwa kosa hilo. Hivyo basi tutaendelea kusema gurudumu la katikati.)

Wazo lenyewe ni la Mjerumani Hermann Föttinger, aliyelipatia hataza mwaka 1905 kwa ajili ya meli, si magari. Kwenye magari ya abiria lilienea baada ya Vita Vikuu vya Pili; Buick ya Marekani iliyotoka na giaboksi ya Dynaflow mwaka 1948 ni mfano unaojulikana.

Oili, hata hivyo, haishiki kama chuma. Katika mwendo wa barabara kuu gurudumu la pili hubaki nyuma kidogo ya la kwanza, na tofauti hiyo hugeuka kuwa joto na petroli inayopotea bure. Kwa hiyo konveta za kisasa zina kitu cha nne: klachi ya kufungia. Ni sahani iliyobandikwa utando wa kusugua, kama ule wa breki. Gari likishapata mwendo na mguu ukatulia, kompyuta huamuru sahani hiyo ibanwe kwenye ukuta wa kopo, na injini na giaboksi huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Utando huo ukichakaa, ukiungua, au ukipewa oili isiyo yake, hushika na kuachia, hushika na kuachia, mara nyingi kwa sekunde. Huko ndiko kutetemeka kwetu.

Sasa tuje kwenye utambuzi. Fundi wa pili, ambaye tulipelekwa kwake na mwenzetu wa idara ya historia, hakuligusa gari kwa spana siku ya kwanza. Alimuuliza dereva maswali: inatokea mwendo gani? Gia ya ngapi? Injini ikiwa baridi au imeshapata moto? Mguu ukiwa mzito au mwepesi? Ikitokea, sindano ya mizunguko inafanya nini? Tulifurahi sana kusikia maswali hayo, kwani ni yale yale tunayowafundisha wanafunzi wa uandishi wa taarifa. Kisha akaingia ndani ya gari, akakaa kiti cha abiria, wakaenda barabara ya Entebbe.

Jaribio alilolifanya huko ni rahisi kiasi kwamba kila mwenye gari anaweza kulifanya mahali pasipo na magari mengi nyuma. Mtikisiko ulipoanza, alimwambia dereva asiondoe mguu kwenye mafuta, bali aguse pedali ya breki kwa mguu wa kushoto kidogo mno, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Kompyuta ikiona breki imeguswa huifungua klachi ya kufungia. Mizunguko ikapanda kidogo na mtikisiko ukakatika papo hapo. Akaachia breki, sekunde chache baadaye klachi ikafunga na mtikisiko ukarudi. Wakarudia mara tano. Kama mtikisiko ungeendelea hata klachi ikiwa imefunguka, angetafuta kwingine: plagi zinazokosa kuwaka, viegemeo vya injini vilivyokatika, au viungo vya ekseli. Plagi hasa huwadanganya watu wengi, maana injini inayokosa moto kwenye silinda moja hutikisa gari kwa namna inayofanana sana na hii.

Baada ya hapo alipima oili. Katika gari letu kijiti hupimwa oili ikiwa ya moto, injini inanguruma, gia ikiwa P. Magari mengine yana utaratibu tofauti na mengine hayana kijiti kabisa, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe. Oili njema ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu na angavu. Yetu ilikuwa ya kahawia na ilinuka kama mkate ulioungua. Alipoipangusa kwenye karatasi nyeupe akaona vumbi jeusi na vimeta vichache. Aliangalia pia kama imekuwa ya pinki na nzito kama maziwa ya mtindi, kwa sababu oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na rejeta ikitoboka ndani maji huingia kwenye oili na kubandua utando wa klachi. Ya kwetu haikuwa hivyo. Lakini aligundua jambo jingine: kule gereji ya kwanza walikuwa wameongeza oili ya aina nyingine, ile waliyokuwa nayo dukani. Oili hizi zote huitwa ATF, na mtu asiyejua hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Kila aina ina ulaini wake wa kusugua uliopangwa ulingane na utando wa klachi, na aina ya lazima huandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu.

Kisha akachomeka mashine ya kusomea kompyuta. Ilitoa msimbo P0741, ambao maana yake ni kwamba klachi ya kufungia haifanyi kazi inavyotakiwa. Hapa tunapenda kutoa tahadhari. Msimbo huo hausemi "badilisha konveta". Unaeleza tu kwamba kompyuta imeamuru kufunga na haikuona mizunguko ya injini na ya giaboksi ikilingana. Chanzo kinaweza kuwa ile vali ndogo ya umeme inayopitisha oili kwenda kwenye klachi, au waya wake, au njia za oili zilizoziba. Mafundi wanaosoma msimbo kama hukumu ni sawa na mwanafunzi anayefungua kamusi na kuchukua maana ya kwanza. Fundi wetu alipima vali na waya wake akakuta ni vizima.

Jaribio la mwisho ndilo lililoiokoa giaboksi yetu. Magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi, breki ya mkono imevutwa, breki ya mguu imekanyagwa kwa nguvu zote na hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, dereva huweka gia D na kukanyaga mafuta hadi chini kwa muda usiozidi sekunde 5, na mizunguko ya injini husomwa. Gari haliondoki, kwa hiyo nguvu zote za injini zinaishia kwenye konveta na oili hupata joto kali sana; anayelirudia bila kupumzisha gari huweza kuiua giaboksi aliyokuja kuiponya. Mizunguko ikizidi kiwango cha kitabu, basi ndani ya giaboksi kuna kitu kinachoteleza kweli, au shinikizo la oili ni dogo. Ikipungua kidogo, injini ni dhaifu. Ikipungua sana, na vitabu vya Toyota hutaja pungufu ya zaidi ya mizunguko 600 kwa dakika, gurudumu la katikati limepoteza kizuizi chake na linazunguka pande zote mbili. Gari la namna hiyo huondoka kwa uvivu kama limebeba saruji, lakini likishashika kasi huenda vizuri. Lazima pia kukumbuka kwamba Kampala iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na injini ya kawaida hapa hupungukiwa nguvu kidogo, hivyo namba isisomwe kwa ukali ule ule wa Mombasa. Namba ya gari letu ilikuwa ndani ya kiwango. Kwa maneno mengine, giaboksi ilikuwa hai, gurudumu la katikati lilikuwa zima, na kilichobaki kushukiwa kilikuwa klachi ya kufungia peke yake.

Hata hivyo fundi hakukimbilia kuishusha. Alimwaga oili na kutia ile sahihi, gari likaendeshwa kidogo, akamwaga tena, mara tatu. Sababu ya kurudia ni kwamba ukifungua nati ya chini hutoka chini ya nusu ya oili. Iliyobaki imekaa ndani ya konveta. Mara nyingine matibabu haya yanatosha. Kwetu mtikisiko ulipungua kwa siku sita, tukaanza kupanga safari, kisha ukarudi. Utando ulikuwa umekwisha.

Tulikuwa na njia tatu: kununua konveta mpya, kufufua ya zamani, au kutafuta ya mtumba. Mpya ilitushinda. Kufufua ni kazi ya kweli: kopo hukatwa kwenye mashine ya kereza, utando na sili hubadilishwa, kisha huchomelewa na kusawazishwa. Katwe kuna mafundi hodari wa kereza na kuchomelea, lakini yule tuliyemwendea alitueleza wazi kwamba hana mashine ya kusawazisha, na kitu kinachozunguka kasi sawa na injini kisiposawazishwa kitaleta mtetemeko mpya. Tulimheshimu kwa kusema hivyo. Tukabaki na mtumba. Hatukuufurahia, mfuko ndio ulioamua.

Konveta ya mtumba isinunuliwe kwa macho. Namba ya injini na ya giaboksi ya gari ilikotoka zilingane na zako. Imwage kwenye chombo cheupe uone na kunusa kinachotoka. Pitisha kidole kwenye shingo yake, yaani bomba linaloingia kwenye giaboksi: likiwa na mikwaruzo litakula sili na oili itavuja. Ya kwanza tuliyopewa tuliirudisha kwa sababu hiyo. Ingiza kidole mpaka kwenye meno ya gurudumu la katikati ulizungushe. Liende upande mmoja na likatae upande wa pili.

Kuibadilisha kulichukua siku mbili. Betri ilifunguliwa, oili ikamwagwa, ekseli na stata zikatolewa, injini ikaning'inizwa isije ikaanguka giaboksi inaposhushwa. Konveta imefungwa kwa boliti kwenye sahani nyembamba ya chuma nyuma ya injini, na boliti hizo hufikiwa moja moja kwa kuizungusha injini kwa mkono. Sahani hiyo iangaliwe kwa tochi, maana ikiwa na ufa hugonga kama injini iliyokufa. Giaboksi na konveta hushuka pamoja, na mtu mmoja aishike konveta isichomoke, kwani ni nzito na imejaa oili.

Makosa makubwa hutokea wakati wa kurudisha. Sili ya mbele ya giaboksi iwe mpya daima. Konveta itiwe oili kwanza, angalau lita moja hivi, ili pampu isianze kazi ikiwa kavu. Kisha isukumwe ndani huku ikizungushwa polepole. Haitoshi iingie, inatakiwa iingie yote, maana kuna meno ya gurudumu la katikati, meno ya shafti na meno ya pampu, na kila yanaposhikana konveta husogea ndani kwa mlio mzito mfupi. Mafundi wenye haraka husikia mlio mmoja wakaridhika. Fundi wetu aliweka rula juu ya mdomo wa giaboksi na kupima umbali hadi kwenye uso wa konveta, akalinganisha na kitabu, akazungusha tena mpaka namba ikafika. Giaboksi ilipopandishwa, iligusana na injini kwa kusukumwa na mikono tu, na konveta ilizunguka huru ikiwa na nafasi ndogo kati yake na ile sahani. Kama kuna pengo kati ya giaboksi na injini, usilivute kwa kukaza boliti. Konveta haijaingia, na boliti hizo zitaivunja pampu. Boliti zote zianzwe kwa vidole kabla ya kukazwa.

Mabomba ya kupozea oili na rejeta yalisafishwa kwa oili mpya, kwa kuwa vumbi la konveta ya zamani hujificha humo. Oili ikatiwa kwa awamu: injini ikawashwa, gia ikapitishwa kila nafasi mguu ukiwa kwenye breki, oili ikapimwa ikiwa ya moto na kuongezwa. Msimbo ukafutwa. Safari ya majaribio ilifika Masaka na kurudi, na sindano ilitulia kuanzia Mpigi.

Fundi ametuagiza oili ipimwe tena baada ya kilomita 1,000, na dereva ameandika jambo hilo kwenye daftari la gari pamoja na jina kamili la oili, ili gereji yoyote isiongeze nyingine. Ukaguzi wa wanafunzi waliokosa safari ya pili utaanza Jumatatu ijayo. Majina yako kwenye ubao.

Konveta ya zamani ilikatwa katikati kwa kereza na sasa iko juu ya meza katika chumba cha semina, imesafishwa. Utando wa klachi unaonekana umebanduka karibu nusu ya mzunguko. Wanafunzi wa somo la istilahi wa mwaka wa tatu wamepewa zoezi la kuvipa majina vipande vyake vyote. Gurudumu la katikati limekwishapata majina manne na hatujaafikiana. Wasomaji wenye mapendekezo wayaandike kwenye karatasi na kuyaacha kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.